Ulimi wa Siafu

Taa ya tanuri ilikuwa imeshageuka kijani, na hilo ndilo lililomshtua Ansila Haule.

Alikuwa ametoka kidogo tu kwenda kunywa chai behewa la jikoni. Alipoondoka, siafu walikuwa bado wamo mwilini mwa kijana mmoja mchunga ng'ombe, aliyechomwa pembe na fahali hadi kwenye ini. Sasa sanduku lao lilikuwa ndani ya tanuri la kutakasia, limeshapikwa na kupoa, na kioo cha mbele kiliandika kwa herufi kubwa: SALAMA KUTUMIKA.

Hakuligusa tanuri. Aligeukia beseni la kuoshea, akapitisha vidole ndani yake. Kavu. Brashi zilining'inia mahali pake, nazo kavu. Chupa ya kimeng'enya, ile dawa inayokula damu iliyoshikamana na vyombo, ilikuwa na lakiri yake vilevile.

"Stumai," aliita bila kupandisha sauti. "Nani kawaosha siafu?"

Stumai alikuwa msaidizi wake, mwanamke wa Tanga asiyeishiwa maneno. Leo yalimwishia. "Dada Ansila, Daktari alisema tuwahi. Kuna mgonjwa analetwa kutoka mnadani, na..."

"Nimeuliza nani kawaosha."

"Hawajaoshwa." Stumai alitazama sakafu. "Daktari anasema hili tanuri jipya linamaliza kila kitu."

"Linaua kila kitu," Ansila alisema. "Haliondoi kitu."

Behewa likatikisika. Watu walikuwa wanapanda ngazi kwa vishindo, wakipeana amri, wakigombana nani atangulie. Ansila alichungulia mlangoni. Wanaume wanne walikuwa wamembeba mtu kwenye turubai, na nyuma yao mwanamke wa makamo aliyefunga kanga kiunoni, miguu imejaa vumbi la mnadani hadi magotini, ameshika kiatu kimoja cha mwanamume. Yule aliyebebwa alikuwa mrefu, kifua kipana. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, na mkono wa kulia ulining'inia nje ya turubai kama si wake.

"Alikuwa ananadi," mwanamke yule alikuwa akisema, kwa kila aliyemtazama. "Alikuwa ananadi dume la Mzee Kasanda, watu wanacheka, mara neno likamkwama. Nikadhani anatania. Luhende hutania. Nikadhani anatania!"

Tangu hospitali za huku bara zilipofungwa moja baada ya nyingine na matabibu kuhamia miji mikubwa, Treni ya Tiba ndiyo iliyobaki. Ilipita reli ya kati kwenda na kurudi, ikisimama kwenye stesheni za siku za minada, maana ndiko watu walikokusanyika. Ilikuwa na chumba cha upasuaji, vitanda, maabara ndogo, na kichuguu kimoja cha siafu. Ndege ya wagonjwa ya Tabora ilikuwa haijaruka tangu dhoruba ya vumbi ilipoanza.

Kichuguu kimoja, na kilikuwa kichafu.

*

Daktari Rweyongeza aliingia behewa la kuoshea akiwa bado na aproni yenye damu ya mchunga ng'ombe. Alikuwa mtu wa Kagera, mfupi, mwenye mikono ambayo Ansila aliiheshimu kuliko yoyote aliyowahi kuiona ikishika kisu.

"Mshipa mkubwa wa kushoto wa ubongo umeziba," alisema. "Bonge ni kubwa. Nimempa dawa ya kuyeyusha, lakini haitalimaliza. Nifungulie sanduku."

"Hawajaoshwa, Daktari."

"Najua. Mimi ndiye niliyesema wasioshwe. Wametakaswa. Hakuna kijidudu kilicho hai mle ndani."

Ansila alikuwa ameshalitoa sanduku tanurini. Aliweka sahani moja ya wavu chini ya hadubini, akasogea pembeni ili daktari naye aone. Siafu walilala kwa safu, maelfu, vimashine vidogo ambavyo mbele yavyo punje ya uwele ingekuwa mlima. Miguu sita, taya mbili, na katikati ya taya kijiulimi cha kuonjea. Walipaswa kung'aa kama sindano mpya. Hawa walikuwa na rangi ya kutu kwenye maungio, na ndimi za wengi zilikuwa zimefunikwa na ganda jeusi. Moto ulikuwa umeipika damu ya yule kijana, ikawaganda kama ugali ulioungulia sufuriani.

"Damu iliyokufa," Rweyongeza alisema.

"Iliyokufa bado ni damu. Bado ina ladha ya mwenyewe."

Hilo Rweyongeza alilijua. Kila aliyewahi kufanya kazi na siafu alilijua. Wakiingizwa mwilini, jambo la kwanza wanalolifanya ni kuonja, na mwili ule wanaouonja mwanzo ndio unaokuwa kwao. Vyote vyenye ladha ile huvitengeneza: hushona mshipa uliopasuka, huziba tundu, husukuma njia. Kisicho na ladha ile hukikata na kukitoa kama taka. Na siafu mmoja akishaamua, huwaita wenzake. Ndiyo maana walipewa jina lile.

Ansila alikuwepo siku mwalimu mmoja wa kike alipofia mezani, katika hospitali aliyofanyia kazi kabla ya kupanda treni. Siafu wake walikuwa wametakaswa barabara. Walikuwa na ladha ya mtu mwingine kwenye ndimi. Waliingia, wakaukuta mwili wa mwalimu ni wa kigeni, wakaanza kuusafisha. Iliwachukua muda mfupi sana kumaliza mishipa. Baada ya pale ilitungwa sheria: sanduku la siafu halitafunguka kwenda kwa mgonjwa ila kwa kiganja cha mtu mmoja tu, msafishaji mkuu, na si kwa amri ya daktari yeyote.

"Sikiliza," Rweyongeza alisema. Alishusha sauti, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi na mke wa mgonjwa alikuwa amesimama hapo nje na kile kiatu. "Kila tunaposimama hapa kubishana, ubongo wa yule bwana unakufa. Hiyo ni hakika. Hiyo yako ni labda."

"Yako ikitokea atapoteza mkono, au mguu, au usemi. Yangu ikitokea atakufa, na hutaweza kuwatoa."

"Hutokea mara ngapi? Niambie. Katika wagonjwa mia, wangapi?"

"Sijui."

"Hujui!"

"Hakuna ajuaye, Daktari. Nani angethubutu kujaribu kwa watu ili apate hesabu?"

Rweyongeza aligeuka ghafla kuelekea mlangoni. "Mama, jina lako nani?"

"Nyamizi."

"Mama Nyamizi, kuna njia ya haraka yenye hatari, na kuna njia ya polepole. Tufanye ipi?"

"Haraka!" Nyamizi alisema. "Mnaniuliza nini? Haraka!"

"Umemsikia," Rweyongeza alimwambia Ansila.

"Hujamwambia hatari yenyewe ni ipi."

"Basi mwambie wewe. Mweleze yote, ulimi na ladha na mwalimu wako. Akimaliza kuelewa tutakwenda kuchimba kaburi."

Ansila alimtazama yule mama. Alitaka kusema jambo, lakini kila neno alilolishika lilikuwa refu mno. Na Rweyongeza, ambaye hakuwahi hata kumgusa bega kwa miaka yote waliyosafiri pamoja, alimkamata kifundo cha mkono na kuuvuta kuelekea kwenye kufuli la sanduku.

Ansila alikunja ngumi. Stumai alipiga ukelele. Sanduku liliteleza hadi ukingoni mwa meza na kusimama hapo, nusu liko hewani, na wote watatu wakalitazama lisianguke.  Kisha Rweyongeza akamwachia mkono, akarudi nyuma hatua moja, akautazama mkono wake mwenyewe.

"Nisamehe," alisema.

"Unahitaji wangapi?" Ansila aliuliza.

"Wote."

"Kwa uchache kabisa, ambao chini ya hapo hutafanya kitu."

Alifikiri. Hata katika hasira alikuwa mtu wa kufikiri. "Theluthi. Wakipungua watachoka kabla hawajalifikia bonge."

"Nitakupa theluthi walio safi. Stumai, maji ya vuguvugu. Si ya moto! Ya moto yataipika zaidi."

*

Laiti wangeoshwa walipotoka tu kwa yule kijana, damu ikiwa mbichi, ingekuwa kazi ya kuimbia. Wangeloweshwa mara moja, kimeng'enya kingefanya kazi yake, mtetemo wa beseni ungewakung'uta, maji masafi yangewasuuza, na wangeingia tanurini wanang'aa. Sasa moto ulikuwa umetangulia, na kila kilichotakiwa kuondoka kilikuwa kimeota mizizi.

Ansila alivunja lakiri ya chupa, akamimina. Alizamisha sahani za wavu moja moja, akihakikisha hakuna kiputo cha hewa kilichobaki chini yake, kwa sababu palipo na kiputo dawa haifiki. Akawasha mtetemo. Maji yalianza kuvuma kama nyuki walio mbali, na baada ya kitambo wingu jembamba la rangi ya chai likapanda kutoka kwenye sahani ya kwanza.

"Inatoka," Stumai alinong'ona.

"Ya juu inatoka. Nipe brashi."

Brashi yenyewe ilikuwa na unywele mmoja mwembamba kuliko ukope. Aliipitisha ndani ya maji, sahani ikiwa imezama, ili kilichobanduka kisirukie hewani wala usoni mwake. Upande huu, upande ule, kwenye maungio, kwenye ndimi. Nyuma yake, ng'ambo ya kioo, alimsikia Nyamizi akimwita mumewe kwa majina mengi, mengine ya Kinyamwezi ambayo Ansila hakuyajua, na hakusikia jibu.

Sahani ya kwanza aliisuuza na kuiweka chini ya hadubini. Bado palikuwa na madoa. Akairudisha. Sahani ya pili ilikuwa na madoa. Ya tatu ilikuwa safi, akaiweka kando na kuifunika.

Mlango ulifunguka. Rweyongeza alikuwa amevua aproni ya damu, amenawa hadi viwikoni, amevaa glavu mpya.

"Presha yake nimeituliza. Kuna muuguzi naye. Hakuna kingine ninachoweza kumfanyia pale," alisema. "Nipe brashi."

Ansila alimpa. Daktari aliketi upande wa pili wa beseni, akainama, na ile mikono ambayo Ansila aliiheshimu ikaanza kazi. Hakuwa amefanya kazi hiyo kwa muda mrefu, lakini mikono haisahau. Walisugua, yeye sahani moja, Ansila nyingine, Stumai akibadilisha maji kila yalipoanza kuchafuka, akisuuza kwa maji yaliyochujwa, akipeleka kwenye hadubini, akirudisha. Kila mara Rweyongeza aliinua macho kutazama saa ya ukutani, kisha akayashusha kwa nguvu, kama mtu anayejizuia asikohoe msikitini.

"Ngapi?" aliuliza.

"Zimebaki mbili ifike theluthi."

"Hii ni mojawapo. Itazame."

Ansila alikuwa ameshika nyingine mkononi. "Itazame mwenyewe."

Rweyongeza alienda kwenye hadubini. Alikaa pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ansila alimwona mgongo wake ukikaza. Alijua anachokiona, kwa maana yeye mwenyewe alikwisha kukiona mara nyingi: safu kwa safu zinang'aa, zinavutia macho, na pembeni kabisa siafu mmoja, au wawili, wenye ganda dogo jeusi ulimini. Wawili kati ya maelfu. Ng'ambo ya kioo Nyamizi alikuwa ameacha kuita.

"Daktari?" Stumai aliuliza.

Rweyongeza alifumba macho. "Rudisha," alisema. "Rudisha majini."

Basi ikarudi majini, wakaisugua tena, wote wawili juu ya sahani moja, vichwa vyao vikikaribia kugusana. Ilipotoka mara ile ilikuwa safi, na ile ya Ansila pia. Ansila aliziweka sahani zote safi sandukuni, akaliingiza tanurini, na wakasimama mbele ya lile tanuri watu watatu wazima, wakilisubiri kama wanaosubiri mlango wa nyumba inayoungua ndani ufunguliwe.

Lilipopoa, Ansila aliweka kiganja kwenye kufuli.

*

Kwenye kioo cha chumba cha upasuaji siafu walionekana kama vumbi la mwanga likipanda kutoka pajani kwenda kifuani, kupita shingoni. Walipoonja, vumbi lote lilibadilika rangi mara moja, kutoka nyeupe kwenda buluu, kuonyesha kwamba wamepajua pa kuita kwao. Ansila alishika ukingo wa meza. Kwa yule mwalimu, buluu haikutokea kamwe.

Walikuwa wachache. Walilifikia bonge wakaanza kulimega, na ilikuwa kazi ya wachache: wanamega, wanapumzika, wanamega. Kisha uzi wa mwanga ukapenya upande wa pili, mwembamba, ukanenepa, na damu ikapita.

"Imepita," Rweyongeza alisema.

Stumai alisema alhamdulillah kwa sauti. Lakini Ansila alikuwa anaangalia pembe ya kioo, kwenye picha ya ubongo, pale ambapo palikuwa na doa la kijivu lenye ukubwa wa jani la mchicha. Damu ilipita kando yake na doa halikubadilika; sehemu ile ilikuwa imeshakufa.

Asubuhi yake Luhende aliamka. Alisogeza mguu, alikunja vidole vya mkono wa kulia kwa shida, alimtambua mke wake, alimeza uji. Walipomwambia ainue mkono aliinua. Walipomwuliza jina lake alifungua kinywa, akakiacha wazi, na hakuna kilichotoka. Alijaribu tena. Macho yake yalizunguka chumba kama anayetafuta kitu alichokiweka hapo hapo juzi. Kisha akakifunga kinywa, na tangu hapo hakukifungua ila kwa kula.

*

"Waoshe wote," Rweyongeza alimwambia Ansila. "Waoshe tuendelee na safari. Najua unachotaka kufanya. Usifanye."

Theluthi mbili za kichuguu zilikuwa bado sandukuni, zimefunikwa, na damu ya mchunga ng'ombe ingali ulimini mwao. Na maabara ya treni ilikuwa imeotesha, kutokana na damu ya Luhende, vipande vyembamba vya mshipa kwa ajili ya vipimo vyake. Vilikuwa nyama ya Luhende kwa kila hali isipokuwa kwamba havikuwa ndani yake.

"Wewe ndiye uliyeniuliza ni mara ngapi," Ansila alisema.

"Nilikuuliza wakati jibu lingeweza kusaidia. Sasa ukishajua, utakuwa umejua. Hakuna wa kukusaidia usahau."

"Na asipojua mtu, kesho tutabishana tena hivi hivi."

Rweyongeza alibaki pale pale.

Ansila alipanga vibakuli kwenye meza ya maabara, kila kimoja na kipande cha mshipa, kila kipande kimechanjwa mkato mdogo. Katika kila kibakuli aliweka tone la siafu wachafu. Halafu wakakaa kungoja, bega kwa bega, na nje upepo ulikuwa ukimwaga mchanga kwenye madirisha ya behewa.

Katika kibakuli cha kwanza siafu waliutafuta mkato, wakaushona. Cha pili wakaushona. Walikwenda mstari mzima, wakiinama kwenye kila hadubini, na kila walipoinama waliona mshono safi, mzuri, kazi ya kumpendeza yeyote. Ladha ya mshipa mbichi ilikuwa imeishinda ile ya damu iliyoungua. Siafu walikuwa wameonja vizuri.

Karibu na mwisho wa mstari kilikuwepo kimoja ambacho maji yake yalikuwa yamechafuka. Ansila aliinama. Hapakuwa na mshipa. Palikuwa na nyuzi, na siafu wakizibeba nyuzi hizo kwenda pembeni na kuzipanga, kwa bidii, kwa adabu, kama wafagiaji.

Alitengeneza mstari mwingine, nao siafu wakashona. Vyote vikatulia. Akatengeneza mwingine tena. Vyote vikatulia.

"Kimoja," Rweyongeza alisema mwishowe.

"Kimoja."

"Kwa hiyo huenda angekuwa anaongea sasa hivi. Inaelekea zaidi angekuwa anaongea." Hakulisema kwa ushindi. Alilisema akiwa ameketi, mikono imelegea mapajani. "Na mimi nikiwa pale kwenye hadubini, kwenye ile sahani, nilisema rudisha. Mimi mwenyewe. Nilimwona siafu mmoja mchafu nikaogopa. Ningefunga macho..."

"Ungekiweka wewe hiki?" Ansila alimsogezea kile kibakuli. "Kichwani mwake? Ukijua kimo kati ya vyote hivi, lakini hujui ni kipi?"

Rweyongeza alikiinua, akakisogeza kwenye mwanga.

"Jana asubuhi ningekiweka," alisema. "Leo sijui."

*

Nyamizi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya behewa la wagonjwa, akipepeta mchele kwenye ungo alioazima jikoni, kwa sababu hakujua kukaa bure. Ansila alisimama mbele yake, akamwamkia, akamweleza. Alimweleza siafu ni nini, uchafu ule ulikuwa nini, kilichompata mwalimu, na kilichotokea vibakulini. Hakuacha kitu. Ungo ulisimama katikati ya maelezo na haukuanza tena.

"Mimi nilisema haraka," Nyamizi alisema.

"Ulisema."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia, mama."

"Halafu ukafanya lako."

"Ndiyo."

"Na sasa umekuja kuniambia kwamba lile langu lingekuwa jema."

"Pengine. Pengine lingemwua. Sikujua, na hata leo nisingejua."

Nyamizi aliuweka ungo chini. Hakulia. Ansila alikuwa amejiandaa kwa kilio, na kwa matusi, na hata kwa kusamehewa, jambo ambalo lingekuwa baya kuliko yote. Hakuwa amejiandaa kwa yale aliyoambiwa.

"Dada, mnapenda sana kuongea nami," Nyamizi alisema. "Jana yule daktari aliniuliza mimi. Leo wewe unanieleza mimi. Kichwa kilikuwa changu? Ulimi ulikuwa wangu? Mwenyewe yumo humo ndani, kalala macho, na masikio yake hayajafa. Mwambie yeye."

Ansila aliingia. Luhende alikuwa ameegeshwa kwenye mito, uso dirishani. Aligeuza kichwa. Mdomo ulikuwa umekaribia kunyooka, na macho yalikuwa ya mtu mzima kabisa, mwenye akili zake zote, aliyefungiwa ndani.

Alimwambia akiwa amesimama karibu na mlango. Alitumia maneno machache: kwamba kulikuwa na njia ya haraka na yeye ndiye aliyeikataa, kwamba njia ile, kwa alivyoona leo, huenda ingemwachia usemi wake, kwamba huenda pia ingemwua. Kwamba mke wake alikubali na yeye hakumsikiliza. Kwamba anasikitika. Aliposema hilo la mwisho alikuwa ameshashika kitasa.

Luhende aliinua mkono wa kushoto, ule mzima. Kinywa chake kilifunguka. Koo lilifanya kazi, mishipa ya shingo ikasimama, uso ukajaa jasho, na Nyamizi akaja kusimama mlangoni nyuma ya Ansila.

"Ba," alisema Luhende. Akafunga macho, akayafungua. "Bado."

Lilikuwa neno zima, zito, lenye mwanzo na mwisho. Nyamizi aliziba mdomo kwa kanga.

Ansila alijua kwamba kwa wagonjwa wa namna hii neno la kwanza linaweza kuwa neno lolote, lisilo na maana yoyote. Rweyongeza angemwambia hivyo, na yeye mwenyewe alikwisha kuwaambia watu hivyo. Lakini macho ya yule mtu hayakumwacha usoni, na ule mkono ulikuwa umenyooshwa kuelekea kigoda kilichokuwa kando ya kitanda.

Aliachia kitasa. Akakivuta kigoda, akaketi karibu, uso kwa uso, akaanza kumweleza upya, safari hii bila kuruka kitu.